Kuulizwa Mara Tatu

Mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Nashona sare za shule nyuma ya soko la Machakos, na mteja akiniambia sketi ni fupi wakati mtoto ndiye amerefuka, namwambia hivyo hivyo, mbele ya mtoto. Lakini kuna jambo moja ambalo hata mimi nilikuwa nalizungusha kama kila mwanamke wa kikundi chetu, nalo ni kukubali.

Kikundi chetu ni mwethya, yaani wanawake wa kijiji kimoja wanaosaidiana kazi nzito. Leo tunachimba matuta kwa huyu, kesho tunajenga kwa yule. Nilikuwa mwenyekiti miaka tisa, na uenyekiti niliupata hivi. Jina langu lilipotajwa nilisema, "Aiee, mimi siwezi, tafuteni mwingine." Wakanisihi. Nikasema macho yangu yamechoshwa na cherehani. Wakanisihi tena. Mara ya tatu nikashusha pumzi ndefu, nikasema basi, kwa sababu ni nyinyi. Moyoni nilikuwa nimeshachagua nguo ya kuvaa mkutano wa kwanza.

Hivyo ndivyo tunavyofanya kwetu. Unakataa mara mbili, ya tatu unakubali. Ukikubali mara ya kwanza, watu wanatazamana. Kalunde, mwanakikundi mwenzetu, alikosea hapo, miaka kumi na moja iliyopita. Aliulizwa kama angesimamia chai ya siku za kazi, akajibu papo hapo, "Ndiyo, nitasimamia." Chai yake ni nzuri. Haijawahi kuchelewa, haijawahi kukosa sukari. Lakini miaka yote hiyo, kila akipita na sufuria, kulikuwa na mtu wa kunong'ona, "Huyo alikuwa anaingoja." Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Sasa nije kwa Mwelu. Mwelu ni jirani yangu, shamba lake na langu yanatenganishwa na mstari wa mikonge tu. Ni mwanamke mrefu, wa maneno machache, na kazi yake ni mawe. Hakuna aliyemfundisha. Mto wetu ni wa msimu, mvua ikipita unabaki mchanga mtupu, kwa hiyo mwaka ule wa kiangazi kirefu tulijenga ukuta wa mawe na simiti kuukata mto, kutoka ukingo hadi ukingo. Mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanajificha ndani ya mchanga, nawe unachimba kidogo tu unateka. Mwelu ndiye aliyegonga mwamba kwa nyundo, akasikiliza, akasema tuanzie hapa. Yeye ndiye aliyevuta uzi na kupanga mawe, na kipande changu alikibomoa mara mbili kwa sababu kilikuwa kimepinda. Nilikasirika siku nzima, lakini kilikuwa kimepinda kweli.

Fundi aliyeletwa na mradi uliotupa simiti, mzee anayeitwa Ndolo, alikaa siku tatu, akanywa chai ya Kalunde, akaenda zake. Siku ya kumaliza, simiti ikiwa bado mbichi, alirudi kwa ajili ya picha. Jina lililochorwa juu ya ukuta kwa msumari likawa FUNDI NDOLO. Na aliyepewa huo msumari achore alikuwa Mwelu, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri.

Tangu siku hiyo, kila tukienda kuteka maji nilimwona akisoma yale maneno. Mara moja tu aliniambia, "Mama Mumo, ningependa kabla sijazeeka mtu aniite fundi. Si mama anayesaidia fundi. Fundi." Mumo ni kifungua mimba wangu, ndilo jina wanaloniitia nyumbani, ingawa kanisani mimi ni Winfred. Nilimwambia ajaze mtungi twende, jua linachoma. Lakini yale maneno yalinikaa rohoni, nilishona nayo wiki nzima.

Basi mwaka huu, mwezi wa pili, shirika moja la Nairobi likatuma habari. Wanatafuta fundi mwanamke wa kuzunguka Kithimani na Yatta yote, akifundisha vikundi vya akina mama kujenga kuta kama ule wetu. Kazi hiyo ilikuwa imeshonwa kwa vipimo vya Mwelu. Shida ni kwamba mahojiano yangefanywa kwa Kiingereza, kwa sababu ripoti zinasomwa ng'ambo, na Kiingereza cha Mwelu kiliishia darasa la saba.

"Nitakufundisha," nikamwambia. "Wiki tatu zinatosha."

"Wewe uko na kazi, Mama Mumo."

"Nimesema nitakufundisha."

Kila alasiri akaja kibandani, akakaa kwenye kigoda katikati ya marundo ya sare, mimi nashona huku nafundisha. Nilijua watauliza nini. Watauliza kazi gani umewahi kuichukua, jambo gani gumu umewahi kulikabili, kitu gani kipya umewahi kukianza. Kwa hiyo Mumo akanitafutia kwenye simu vitenzi vya Kiingereza vya mambo hayo, nami nikaviandika kwa chaki ya kushonea juu ya kitambaa cheusi cha suruali. Accept. Agree. Take on. Take up. Undertake. Tackle. Nikakitundika pale ninapotundikaga sketi.

Mwelu akavitazama muda mrefu. "Hii yote ni kukubali?"

"Yote. Lakini kila moja na mahali pake. Accept, unapewa kitu, unapokea. Agree, mmesikizana. Take on, unabeba kazi, unajua ni nzito na bado unaibeba. Take up, unaanza jambo ambalo hukuwa unalifanya, kama mwalimu Mbithi alivyoanza kufuga nyuki alipostaafu. Undertake, hapo umeahidi, ukiacha katikati ni aibu yako. Tackle, unalivamia tatizo kwa mikono miwili."

Akafikiri. "Kwa hivyo ule mwamba tuli-tackle."

"Ndiyo."

"Na mawe, vile tuliyatoa kule kilimani na mgongo, tuli-take on."

"Sawa kabisa."

"Na Ndolo?"

"Ndolo ali-accept chai."

Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa anapita akarudi kuuliza kuna nini. Nilimuuzia sweta.

Mwelu anashika mambo haraka ukimwonyesha yanakaa wapi. Kwake kila kitenzi kilikuwa jiwe, akakitafutia nafasi yake ukutani. Wiki ya tatu alikuwa ananieleza kwa Kiingereza jinsi ya kuchanganya simiti, na mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne, ndiye niliyekuwa naomba arudie. Siku ya mwisho, akikunja kile kitambaa, akasema kitu. "Waingereza wako na maneno sita ya kukubali. Sisi tuko na moja, na hata hilo hatulisemi mpaka tusukumwe."

Nikacheka tu. Ningelisikiliza neno hilo vizuri, ningejiokolea jasho jingi.

Mahojiano yalikuwa Alhamisi asubuhi, kwenye ukumbi wa kanisa moja hapa mjini. Mwelu alivaa gauni la kijani nililomshonea mwenyewe. Kalunde alikuja na chupa ya chai, pamoja na akina mama wengine sita, wakakaa nje kwenye nyasi chini ya dirisha. Mimi niliitwa ndani kama mwenyekiti, niseme namjua mwombaji.

Mhojaji alikuwa msichana anaitwa Lavender, wa miaka ishirini na nane hivi, nywele fupi, viatu vya raba, kompyuta mezani. Alitusalimia kwa adabu, "Habari za asubuhi, Mama," kila mmoja kivyake, na nikampenda hapo hapo. Kisha akageukia Kiingereza.

Nawaambia, Mwelu aliongea. Alisema alivyo-take on ukuta wetu, walivyo-tackle mwamba uliopasuka upande wa kulia, alivyo-undertake kumaliza kabla ya mvua na akamaliza. Lavender alipouliza jinsi anavyoweza kumfundisha mtu asiyewahi kushika mwiko, Mwelu akainuka, akakusanya vitabu vya nyimbo kutoka kwenye mabenchi, akavipanga juu ya meza, kila kimoja kikikalia pale viwili vya chini vinapokutana. Akajenga ukuta mzima wa nyimbo. "Push," akamwambia. Lavender akasukuma. Vitabu vikakaa. Msichana akaacha kuandika, akawa anatazama tu.

Mwelu akarudi kukaa, halafu Lavender akafunga daftari lake. "Mwelu," akasema, bado kwa Kiingereza, "nimeona ya kutosha. Wewe ndiye tunayemtaka. Will you take it on?"

Mwelu akainamisha kichwa. Akakunja ncha ya leso kidoleni. Akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka, kile nilichomfundisha mimi mwenyewe, "No. I cannot. There are others who are better." Yaani hapana, hawezi, wapo walio bora zaidi.

Nikatabasamu. Moja, nikahesabu moyoni. Safi kabisa, mama yake angejivunia.

Lavender akainua kichwa. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "I respect that," akasema, yaani anaheshimu jibu hilo. Akamshukuru kwa kuwa mkweli, akaandika neno moja kwenye karatasi ya Mwelu, akaigeuza kifudifudi.

Mwelu hakuinuka. Alibaki ameinamisha kichwa, anangoja aulizwe mara ya pili. Mimi pia nikangoja. Lavender akadhani tumechoka, akatumiminia maji. Tukanywa. Bado hakuuliza.

Kisha akanigeukia mimi. "Mama, wewe Kiingereza chako ni kizuri, kikundi unakiongoza, na kwenye ujenzi ulikuwepo. Sina mwingine kwenye orodha. Je, wewe ungechukua hii kazi?"

Sitawadanganya. Niliitaka. Kwa muda wa pumzi moja nilijiona nimevaa buti na kofia, nimekaa mbele kwenye gari la mradi, watu wa Kithimani wananingoja barabarani. Nimeshona kola miaka ishirini na mbili, mgongo wangu unajua. Nani hangetaka? Halafu nikakiona kile kipande changu cha ukuta kilichobomolewa mara mbili, nikamwona Mwelu upande wangu, bado anaangalia sakafu, shingo imekakamaa. Alikuwa amesikia. Na kwa adabu zetu asingenyanyua uso hata kama ningeichukua mbele ya macho yake.

"Hapana," nikasema. Nimesema hapana nyingi maishani, lakini hiyo ndiyo ya kwanza niliyoimaanisha.

Lavender akaanza kukunja waya wa kompyuta. Alikuwa anafunga, anaenda. Hapo hasira zangu zikanisaidia. "Ngoja kwanza," nikamwambia kwa Kiswahili. "Kaa chini. Mbona humuulizi tena?"

"Nani?"

"Mwelu. Umemuuliza mara moja tu. Kwetu mtu anaulizwa mara tatu. Ya kwanza anakataa, ya pili anakataa, ya tatu ndiyo anajibu. Wewe umeacha kazi katikati."

Akanitazama, akamtazama Mwelu. Akakaa. "Mama, nisamehe," akasema, "sikujua. Lakini mimi siwezi kufanya hivyo. Mwanamke akiniambia hapana, ni hapana. Kuna wengi wamesukumwa kwa mambo hawakutaka, na waliosukuma walisema wanajua anataka. Mimi sitamsukuma mtu."

Alikuwa na haki yake, na sisi tulikuwa na yetu, na Mwelu alikuwa katikati.

"Kama anaitaka, aseme mwenyewe," Lavender akaongeza, taratibu. "Mara moja inatosha. Sitauliza tena, lakini sijaondoka bado."

Nje dirishani akina mama wote walikuwa wameinuka kutoka kwenye nyasi. Niliona vilemba vyao vimepangana kwenye kizingiti, na katikati uso wa Kalunde. Hao wote walijua maana yake. Kusema unataka kitu bila kusihiwa, mbele ya mwenyekiti wako, mbele ya dirisha zima la wanakikundi, hiyo ilikuwa zaidi hata ya kosa la Kalunde. Kalunde angalau aliulizwa.

Mwelu akaweka mikono mezani, kando ya ukuta wake wa vitabu, akasimama. Hakunitazama mimi. Alitazama dirishani.

Alilisema neno lake kwanza kwa Kikamba, polepole, ili akina mama wasikie. Kisha akamgeukia Lavender. "Naitaka," akasema. Na ili asije mtu akadai hakuelewa, akamalizia, "I want it."

Neno hilo halikuwa kwenye kitambaa changu. Wiki tatu nilimfundisha kupokea, kubeba, kuahidi na kuvamia, na sikukumbuka kumfundisha kutaka. Sijui alilitoa wapi. Nadhani alikuwa nalo tangu ile siku ya msumari.

Lavender akaigeuza ile karatasi juu. Alikata neno moja, akaandika lingine. "Karibu kazini, Fundi," akasema. Mwelu akakaa chini haraka, akajifunika uso kwa leso, na mabega yakawa yanacheza. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Kule dirishani aliyepiga vigelegele wa kwanza, na wa mwisho kunyamaza, alikuwa Kalunde.

Mwezi wa nane tukawa na mkutano wetu wa mwaka. Mwelu alikuja kutoka Kithimani, buti zina simiti kavu, amenenepa kidogo. Akatuonyesha picha kwenye simu, ukuta mpya, na juu yake kwa herufi mbaya kama zimeandikwa na kuku, FUNDI MWELU. "Nani alichora?" nikamuuliza. "Wao," akasema. "Mimi sikushika msumari." Akaiangalia tena ile picha, na sidhani alikuwa amewahi kupenda mwandiko mbaya namna hiyo.

Kwa sababu yeye hagombei kitu, tukamwomba aongoze uchaguzi. Akafungua daftari. "Mama Mumo, utaendelea kuwa mwenyekiti?"

Mdomo ulikwenda wenyewe. "Aiee, mimi nimechoka, tafuteni mwingine," nikasema, nikajiweka sawa kwenye kiti kungoja kusihiwa.

"Tunaheshimu," akasema Mwelu, akaandika. Hakunitazama, lakini niliona shavu lake likicheza. Akawageukia wengine. "Ni nani anautaka?"

Walitazama sakafu, walitazama kucha zao. Mimi nilitazama daftari, pale jina langu lilipokuwa. Halafu nyuma kabisa, kando ya jiko la chai, mkono ukainuka.

"Mimi nautaka," akasema Kalunde. Hakushusha pumzi, hakukunja leso. "Nimeutaka miaka mingi."

Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, kisha yote. Wangu ulikuwa wa mwisho, nikubali hilo, lakini niliuinua. Kalunde akaja mbele, akakaa kwenye kiti changu, ambacho bado kilikuwa na joto. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta mtu wa kusimamia chai. Akapitisha macho kikundi kizima bila haraka, miaka kumi na moja ya minong'ono yote iko kwenye hayo macho, na akayasimamisha kwangu.

"Mama Mumo. Utasimamia chai?"

Nilihisi lile neno la kwetu, tafuteni mwingine, limefika mpaka kwenye meno. Nikalimeza. "Ndiyo," nikasema. "Nitasimamia."

Nikainuka nikaenda kushika sufuria. Nyuma yangu nikasikia mtu akinong'ona, na ilikuwa sauti ya Mwelu. "Huyo alikuwa anaingoja." Wakacheka wote, na mimi nikacheka mpaka nikasahau sukari.